Maji ya Betri

Begani, juu ya kanga, Mama Mafuta alikuwa na kitambaa cheupe. Hakukitumia kufutia jasho wala kushikia sufuria. Kilikuwa kitambaa cha ushahidi. Akiingia nyumba yenye koroboi alikishika juu ya mwali kwa muda wa kusalimiana, kisha akakigeuza na kumwonyesha mwenye nyumba doa jeusi.

"Hili ndilo mnalovuta usiku kucha," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Kisha aliongeza mengi.

Sisi majirani zake wa mtaa wa Chapwa, Tunduma, tulimwita Mama Mafuta, kwa sababu tulipomjua alikuwa akiuza mafuta ya taa. Baadaye aliyaacha, akaanza kuuza umeme wa jua, akatutaka tumwite Mama Sola. Wateja wa mbali waliitikia. Sisi wa karibu tulishindwa, ndimi zilikuwa zimeshazoea. Hilo lilimuudhi kila mara.

"Mafuta niliyaacha," alisema. "Mtu akiokoka, mnaendelea kumwita kwa dhambi zake?"

Kiwanja chake kilikuwa juu kidogo ya changu, kwenye mteremko ule ule. Nyuma ya banda lake la kazi ulipita ua wa michongoma, na chini ya ua, kwenye pembe ya kiwanja chake, kilikuwa kisima alichochimbisha mwenyewe. Hakukifunga wala hakumtoza mtu. Mtaa wetu wote ulichota hapo, kwa sababu bomba la mji lilipita mbali na siku nyingi lilikuwa kavu. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu. Wageni waliokuja kwangu kutoka Vwawa walikuwa wakiyasifia kabla hawajasifia chakula.

Enzi za mafuta ya taa alinuka mafuta ya taa. Hakukuwa na sabuni iliyoweza kuiondoa harufu ile mikononi mwake, na aliyekula ugali kwake aliionja. Lakini kipimo chake kilikuwa cha haki. Aliinamisha faneli juu ya chupa ya soda ya mteja na kungoja, foleni ikinung'unika nyuma, mpaka tone la mwisho lianguke.

"Mama, inatosha, tuna haraka!"

"Tone ni la mteja. Nikilibakiza kwenye faneli nitakuwa nimeiba."

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu Tunduma alikuwa na kitu cha kuvusha. Malori yalipanga foleni kwenda mpakani, injini zikinguruma hata yasiposogea, na mahindi ya kando ya barabara yalikuwa na majani meusi upande mmoja. Mama Mafuta alikuwa akikohoa kila tulipopita pale. Alikishika kitambaa nyuma ya lori lililosimama, akanionyesha bila kusema neno. Nilimwuliza mbona basi anauza mafuta. Akanijibu kwamba giza nalo lina njaa yake, na kwamba siku atakayopata kitu kingine cha kuwashia taa, ataliviringisha pipa lake hadi barabarani.

Siku hiyo ilikuja kwa ubaya. Alinunua pipa la mafuta kwa mchuuzi mmoja wa mpakani, na pipa lile lilikuwa limebeba petroli kabla yake. Siku hizi kuna neno, watu husema mafuta yamechakachuliwa. Wakati ule hatukuwa na neno, tulikuwa na taa tu zilizolipuka. Binti yake wa pekee aliwasha koroboi jikoni magharibi, nayo ikampasukia. Nilisikia mlio, nikaruka ua, nikamkuta mama mtu anauzima moto kwa kitenge na mikono mitupu. Binti alipona. Shingo na bega la kushoto havikurudi kama vilivyokuwa.

Alilitoa pipa kama alivyoahidi. Aliligeuza mdomo chini kwenye mtaro wa barabara, na masika yote yaliyofuata maji ya mtaro ule yalikuwa na rangi za upinde wa mvua. Alituita tuyatazame.

"Mnaona? Mafuta hayajifichi. Uchafu ni kitu unachokiona."

Hayo nimeyasikia kutoka kwake mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote. Kwake moshi, masizi na rangi za mtaroni vilikuwa uchafu. Kisichotia doa kitambaani kilikuwa safi.

Paneli ya kwanza aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Nilikwenda naye, maana nilifanya kazi kwa wakala wa forodha na niliwajua watu wa pale. Muuzaji alikuwa Mbemba mcheshi aliyechanganya lugha zake zote katika sentensi moja.

"Mayo, hii panel utawaachia wajukuu," alimwambia, akimwita mama kwa Kibemba. "Haina kelele, haina moshi, haili kitu."

"Na hili boksi zito?"

"Hiyo betri. Betri, mayo, ni kama mfanyakazi. Anachoka, anakufa, unaajiri mwingine."

Mama Mafuta alicheka njia nzima kurudi. Nguzo za umeme wakati huo ziliishia barabara kuu, huku kwetu hazikufika. Siku alipoiwasha ile taa ya kwanza, binti yake alisimama chini yake akiinua uso, shingo ile ikiwa wazi, na mama yake akakishika kitambaa juu kabisa, karibu na taa, akakishusha. Kilikuwa cheupe. Akatuzungusha nacho kama karani wa kura anayeonyesha karatasi.

Sitaki mtu adhani alikuwa anajidanganya kwa kila kitu. Mengi aliyoyasema juu ya jua yalikuwa kweli, na niliyaona. Alifunga taa kwenye zahanati ambako wakunga walikuwa wakishika tochi kwa meno. Alipanda malori ya kahawa hadi Isansa kuwafungia wakulima taa, na katika nyumba alizozifungia watoto waliacha kuamka na pua nyeusi. Aliupaka ukuta wa sebule yake chokaa, akakataza mtu kuupaka tena. Miaka ilipita, ukuta ukabaki mweupe. "Ukuta wangu hauna ndimi mbili," alisema. Kikohozi chake kilipungua. Binti yake alimzaa mtoto wa kike, na Mama Mafuta akaapa kwamba mjukuu huyo hatauona mwali wa moto ndani ya nyumba hata siku moja. Hata chakula alipikia nje.

Alikuwa na mpinzani mmoja wa kudumu, dereva wa lori la mafuta, Mwislamu wa Tanga aliyeoa Tunduma na kupanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alipeleka dizeli Zambia, wakati mwingine hadi Kongo, na kila aliporudi alipita kuchokoza.

"Mama Mafuta, shikamoo."

"Marahaba. Na hilo jina uliache huko huko mpakani."

"Mama Sola basi. Jua lako limeamkaje?"

"Limeamka lenyewe. Halikupanga foleni, halikuhonga mtu."

"Hahaa! Lakini mama, bila dizeli yangu hiyo paneli ingetembea kwa miguu kutoka bandarini?"

"Lori lako likienda linakunywa, likisimama linakunywa. Paneli yangu umewahi kuiona inakunywa nini?"

"Hainywi, ila inakula betri. Na zikifa zinaenda wapi?"

"Zinarudi kwangu."

Alilisema hilo kwa fahari, na fahari hiyo ilikuwa na haki yake. Wauzaji wengine waliuza wakasahau. Yeye alimwambia kila mteja, "Betri ikifa, irudi kwangu," na zilirudi kweli, kutoka Isansa, kutoka Mpemba, kutoka vijiji ambavyo sijawahi kufika, zimefungwa kwenye magunia juu ya mabasi. Alisema mtu anayeuza kitu lazima akipokee kikizeeka. Betri zilizotapakaa nchi nzima, moja huku na moja kule, zilikusanyika zote nyuma ya banda lake, juu ya kisima.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kuzichukua kwa gari dogo. Alikuwa na sharti moja.

"Mama, mimi nanunua risasi, yale madini mazito ya ndani. Sinunui maji."

Basi maji ya betri yalimwagwa kabla ya kupima. Ndiyo, tuliyaita maji. Fundi alisema maji, muuzaji alisema maji, hata dukani uliomba "maji ya betri" na ukapewa. Na maji mtu huyamwaga panapomwagwa maji, penye ua, ili mizizi inywe. Mama Mafuta aliinamisha kila betri kwenye michongoma kwa subira ile ile ya faneli, akingoja tone la mwisho. Kisha mnunuzi akayapasua maboksi kwa shoka pale pale, akatoa vibao vya ndani, akavikung'uta. Tope la kijivu lilibaki chini. Jioni Mama Mafuta alifagia uani, maana alikuwa mtu safi, akalisukuma tope hilo nje ya ua, upande wa kisima.

Dereva alimkuta akimwaga siku moja, akaacha utani.

"Mama, kwenye maegesho yetu tukibadili betri tunayamwaga hayo pembeni. Mahali hapo hapaoti hata jani. Miaka."

"Hapaoti kwa sababu ya dizeli yenu."

"Haya, dizeli." Akainua mikono. "Mvua ikikosekana, dizeli. Kuku akitaga yai bovu, dizeli."

Kuna kisa kimoja ambacho mtaa ulikicheka kwa muda mrefu. Mjukuu alipoanza shule, mwalimu aliuliza darasa wazazi wao wanafanya kazi gani. Yeye akasimama akajibu kwa sauti, "Bibi yangu anauza risasi." Mjini mpakani maneno kama hayo hayalali. Kesho yake asubuhi mgambo walifika na fimbo zao, wakapekua banda, wakapekua hadi pipa la unga. Mama Mafuta alikaa kwenye kigoda akiwatazama.

"Mnatafuta nini, wanangu?"

"Risasi, mama. Tumeambiwa unazo."

"Ninazo. Hizo hapo umezikanyaga."

Kiongozi wao akatazama chini, akaona vibao vya kijivu na tope lililoganda kwenye soli za viatu vyake. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe risasi hizi! Tulidhani risasi za kuua." Wakanywa maji ya kisimani, wakaaga. Nilicheka pamoja nao. Walikuja kutafuta risasi, wakaziona, wakaziacha.

Michongoma ndiyo iliyoanza. Kipande cha ua nyuma ya banda kilikauka kikawa kijivu, na palipokatwa hapakuchipua. Mama Mafuta alisema ni jua kali. Majani ya maboga aliyoyapanda karibu na kisima yakaungua kingo. Kuku wake wakawa wanatembea kama walevi, kisha wakafa, akasema ni kideri. Kitambaa chake chenyewe kikaanza kutoboka. Alikuwa akikitumia kufuta betri zilizovuja, kinabaki cheupe pe, halafu akikifua tu kinatoka na matundu. Akanionyesha, kidole kimepenya upande wa pili.

"Panya," alisema.

"Panya anakula kitambaa, anaiacha sabuni?"

"Panya wa Tunduma wana mambo yao."

Kisha ikawa zamu ya mjukuu. Alikuwa mtoto mwepesi wa maneno, mwenye kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Akaanza kulalamika tumbo. Akapauka. Akawa mkali bila sababu, anapiga wenzake. Hesabu alizozijua mwaka uliopita zikamtoka, mwalimu akamrudisha darasa. Walimpa dawa ya minyoo, dawa ya malaria, dawa ya minyoo tena. Hospitalini, mama yake aliniambia, daktari aliwauliza nyumbani wanafanya kazi gani. Akajibu, sola. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri, hakuna moshi," alisema, akaandika dawa ya minyoo.

Na Mama Mafuta, kwa mapenzi, alimwongezea mtoto maji. Asubuhi kikombe, akirudi shule kikombe, kabla ya kulala kikombe. "Maji yanasafisha tumbo," alisema.

Aliyelitaja jambo kwa jina lake alikuwa dereva. Alirudi kutoka safari ya Lusaka, akapita kuchokoza kama kawaida, akamkuta mtoto amelala mkekani mchana. Akamtazama kwa muda. Akauliza anaumwa nini, akaelezwa yote.

"Mama," alisema, na hakuongeza Sola wala Mafuta. "Njiani kwenda Lusaka kuna Kabwe. Zamani walichimba risasi pale. Mgodi ulifungwa siku nyingi, lakini wenyeji hawataki watoto wao wachezee mchanga. Niliwauliza kwa nini. Wakaniambia watoto wanapauka, wanashikwa na tumbo, shule haiingii kichwani."

"Sisi hatuna mgodi hapa."

Dereva aligeuza macho kwenye ua uliokauka, kisha akayateremsha polepole hadi kisimani. Mama Mafuta aliyafuata macho hayo. Binti yake, aliyekuwa akichambua mchele, aliuweka ungo chini.

"Ni maji tu," Mama Mafuta alisema. "Yanaitwa maji."

Muda si mrefu baada ya hapo nilihamia Mpemba, na mambo yaliyofuata niliyapata kwa kusikia. Nilisikia amemfukuza mnunuzi wa vyuma. Nilisikia amekataa betri zilizorudi, na wateja wa Isansa wakasema ameharibika, amekuwa kama wengine. Nilisikia amekwenda mpaka ofisi ya maji na chupa ya maji ya kisima chake, wakamwambia aiache, watamjulisha. Dereva alihamishia familia yake Tanga.

Nilikwenda kumwona mwishoni mwa kiangazi. Nguzo za umeme zilikuwa zimeanza kuingia Chapwa, mashimo yalishachimbwa. Malori yalikuwa yamezidi, foleni ikifika mbali kuliko zamani, na moshi wake ulilala juu ya mabati kama ukungu usioinuka. Paneli zake zilikuwa bado juu ya paa, zimefutwa vumbi. Kisimani alikuwa amelaza paneli moja iliyopasuka kama mfuniko, na mawe juu yake. Alikuwa amekaa kando, kwenye kigoda chake, akikilinda. Mjukuu alikuwa kivulini mlangoni, amekua urefu, anachora mstari mmoja ardhini kwa kijiti, anaufuta, anauchora tena. Nilimsalimia. Ilichukua muda kabla hajainua macho.

"Wamekujibu ofisi ya maji?" nilimwuliza bibi yake.

"Bado." Alikuwa amekonda. "Mimi sirudi kwenye koroboi, usije ukaanza. Shingo ya mwanangu naiona kila siku. Jua halijanikosea. Ila hivi vilivyobaki hapa..." Alinyoosha kidole nyuma ya banda.

Jirani wa upande wa chini, mama wa makamo aliyewalea watoto wake wote kwa maji ya kisima kile, alikuja na ndoo na mtoto mgongoni. Akaanza kuondoa mawe.

"Umefunika tena, Mama Mafuta?"

"Nimekwambia maji hayo mabaya. Nimepita nyumba kwa nyumba nimewaambia."

"Mabaya wapi? Bomba halijatoka tangu wiki ile. Wewe si ndiye ulitufundisha? Lete kitambaa chako basi tuone."

Alilisema kwa mzaha, bila ubaya wowote. Alikivuta kitambaa begani mwa Mama Mafuta, kile chenye matundu, akakichovya kwenye ndoo aliyoivuta, akakikamua, akakitandaza juani mbele yetu. Kilikuwa cheupe.

"Haya, doa liko wapi?"

Jirani akacheka, akamrudishia kitambaa begani na kukinyoosha vizuri kama mtu anayemvisha mzazi wake, akajitwika ndoo, akateremka. Maji yalimdondokea mtoto mgongoni, naye akayalamba.

Mama Mafuta aliingia ndani akatoka na glasi, akaijaza maji ya kisimani, akaiinua kati ya jua na macho yangu.

"Wewe una macho mazuri kuliko yangu. Unaona nini?"

Niliangalia kwa muda mrefu. Niliuona mteremko wote umegeuka juu chini ndani yake, na mabati, na paneli zake zinang'aa.

"Sioni kitu, mama."

"Na mimi sioni."

Mjukuu alisema ana kiu. Bibi yake hakugeuka. Alisimama na ile glasi mkononi, akautazama ua wa michongoma, akaitazama bustani, akautazama mtaro unaoteremka kwenda kwa majirani. Alipiga hatua upande huu, akarudi. Niliaga, akaitikia. Nilipofika barabarani niligeuka, naye alikuwa bado amesimama pale, ameishika glasi iliyojaa, anatafuta pa kuimwaga.